McKenna ametua Penn State, lakini mimi nawatazama waliobaki

Katika hoki ya barafuni ya vyuo vya Marekani, mechi ya kujipima nguvu huwa inapotosha, hasa ile ya wenyewe kwa wenyewe, pale chuo kinapogawa kikosi chake mara mbili, nusu wakavaa jezi nyeupe na nusu za rangi, kisha milango ikafunguliwa kwa mashabiki. Kila bao la siku hiyo lina aliyefunga na aliyefungwa, na wote wawili ni wako. Kijana mpya akipenya katikati ya mabeki wawili na kumwacha golikipa amelala barafuni, jukwaa zima linalipuka. Hakuna anayegeuka kumuuliza jirani yake: hao mabeki wawili ndio watakaotulindia lango Oktoba?

Anayefuata soka la Tanzania anaijua hali hii. Simba Day ikipita, au kilele cha Wiki ya Mwananchi upande wa Yanga, mgeni aliyepiga chenga mbili na pasi moja ya kisigino ameshavishwa taji na ligi haijaanza. Hoki ya barafuni ya vyuo vya Marekani nayo ina homa yake ya kabla ya msimu, na vuli hii ya 2025 homa imepanda kuliko kawaida kwa sababu wageni wenyewe si wa kawaida.

Gavin McKenna ni mtoto wa Whitehorse, Yukon, kaskazini mwa Kanada, na anaingia vuli hii akiwa hajatimiza miaka 18. Ataifikisha tarehe 20 Desemba 2025. Msimu uliopita akiwa na Medicine Hat Tigers wa WHL, ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada, alifunga mabao 41 na kutoa pasi 88 za mabao katika mechi 56. Timu yake ikatwaa ubingwa wa WHL, na yeye akatajwa mchezaji bora wa ligi zote tatu za vijana za Kanada, zile zinazounda CHL. Wengi wanaamini ndiye atakayeitwa wa kwanza katika drafti ya Juni 2026, ambako timu za NHL, ligi kuu ya kulipwa ya hoki, huchagua vijana kwa zamu. Julai alitangaza kwamba anakwenda Penn State, chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, na vyombo vya habari vikaripoti kuwa malipo yake yanakaribia dola 700,000. Wapo wengine waliofuata njia hiyo hiyo kutoka CHL hadi chuoni hapo, akiwemo beki Jackson Smith, ambaye Columbus Blue Jackets walimchagua wa 14 katika drafti ya 2025.

Sasa weka hayo juu ya kile ambacho Penn State walikifanya miezi michache iliyopita: Aprili walicheza Frozen Four, yaani nusu fainali ya taifa, kwa mara ya kwanza tangu waingie daraja la kwanza mwaka 2012. Ndiyo maana mazungumzo ya ubingwa yamekuwa kana kwamba kilichobaki ni kupanga sherehe. Mimi sijafika huko. Kipaji cha McKenna sina shaka nacho hata chembe. Wasiwasi wangu uko kwa watu ambao katika mechi za Septemba hakuna anayewaangalia.

Kwanza nikiri jambo ambalo wengi wa wanaoilalamikia sheria mpya, inayowaruhusu vijana wa CHL kucheza vyuoni, hawapendi kulikiri. Mlango uliofunguliwa ulistahili kufunguliwa.

Kwa miongo mingi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, iliihesabu CHL kuwa ligi ya kulipwa. Ilitoa sababu mbili: vijana wanapewa posho ndogo ya kila mwezi, na ndani ya timu zile wamo wachache waliokwisha kusaini mikataba ya NHL. Kijana akigusa barafu na jezi ya CHL, hata mara moja, chuo cha Marekani kinamfungia mlango. Mwaka 2022 kijana mmoja wa miaka 16 alicheza mechi mbili na timu moja ya ligi ya Ontario, mojawapo ya zile tatu za CHL. Mechi zenyewe zilikuwa za maandalizi ya msimu, za kujipima nguvu, zisizoingia kwenye msimamo wowote. Kwa mechi hizo mbili alipoteza haki ya kucheza daraja la kwanza la vyuo. Agosti 2024 kesi ikafunguliwa kwa jina lake katika mahakama ya shirikisho jimboni New York, na tarehe 7 Novemba 2024 baraza la NCAA likapiga kura kuifuta marufuku hiyo kuanzia tarehe 1 Agosti 2025.

Nimeirudia habari ya kijana yule mara nyingi. Mtoto wa miaka 16 anaitwa kujaribiwa, anafurahi, anakwenda. Nani angekataa? Sisi watazamaji huwa tunasema mechi za kirafiki hazina maana. Kwake yeye zilikuwa mechi ghali kuliko zote alizowahi kucheza. Wanaoitamani sheria ya zamani irudi wanapaswa kumtazama yule kijana usoni kabla hawajaanza kueleza faida zake.

Tena wanaoutetea mlango mpya wana hoja ya kiufundi ambayo ni nzito. Timu ya WHL inacheza mechi 68 kabla hata ya mtoano, na safari zake za basi ni za kutwa nzima. Chuo kinacheza mechi 34, kwa kawaida Ijumaa na Jumamosi, na siku zilizobaki ni za mazoezi na chumba cha vyuma. Kijana kama McKenna, ambaye amekwisha kuwafunga wenzake wa rika lake kadiri alivyotaka, anahitaji kukutana na mabeki wa miaka 22 na 23 wenye mabega mapana, na hao wako vyuoni. Kwa mchezaji aliyeizidi ligi ya vijana na hajaifikia NHL palikuwa na shimo katikati, na chuo kimelifukia. Hapo sina ubishi na mtu.

Tunapoachana ni pale hoja hii inapogeuzwa kuwa utabiri wa msimu. Kwamba kijana atafaidika na chuo, sawa. Kwamba chuo kitatwaa kombe kwa sababu ya kijana, hilo ni jambo jingine, na historia yake ipo.

Tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa vyuo, imetolewa tangu 1981. Katika muda wote huo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioichukua ni wanne tu: Paul Kariya wa Maine mwaka 1993, Jack Eichel wa Boston University mwaka 2015, Adam Fantilli wa Michigan mwaka 2023 na Macklin Celebrini wa Boston University mwaka 2024. Hao ndio vijana wa kiwango ambacho McKenna anatarajiwa kukifikia. Sasa tazama walivyomaliza. Eichel alifika fainali akafungwa na Providence 4-3. Fantilli aliishia nusu fainali, akafungwa na Quinnipiac 5-2. Celebrini aliishia nusu fainali, akafungwa na Denver 2-1 katika muda wa nyongeza. Aliyeondoka na kombe ni Kariya peke yake.

Ongeza Michigan ya msimu wa 2021–22. Katika drafti ya 2021, kati ya vijana watano wa kwanza kuitwa, wanne walivaa jezi ya Michigan msimu uliofuata: Owen Power aliyeitwa wa kwanza, Matty Beniers wa pili, Luke Hughes wa nne na Kent Johnson wa tano. Chuo kimoja kuwa na vijana wanne wa namna hiyo barafuni ni jambo ambalo sijui kama tutaliona tena. Wakafika nusu fainali mjini Boston. Wakakutana na Denver. Wakafungwa 3-2 katika muda wa nyongeza. Ongeza Boston College ya 2024, iliyokuwa na safu ya mbele ya Will Smith, Ryan Leonard na Gabe Perreault, wote watatu wa mwaka wa kwanza na wote wa raundi ya kwanza ya drafti. Fainali, Denver tena, 2-0.

Najua jibu la upande wa pili, na ni jibu la mtu anayejua hesabu. Mashindano ya taifa yana timu 16. Kama kila timu ingekuwa sawa, nafasi ya kutwaa kombe ni moja kati ya 16. Mmoja kati ya wanne ni bora mara nne zaidi. Tena timu zote nilizozitaja zilifika angalau nusu fainali, jambo ambalo vyuo vingi vinaliota kwa miaka 50. Hoki ni mchezo wa kisahani kidogo cha raba kinachogonga gongo, kinagonga kiatu, kinabadili njia. Mechi moja ya mtoano haithibitishi chochote. Mtu akiniambia hivyo simpingi. Nakubali kwamba kipaji cha hali ya juu kinakufikisha mlangoni, na kinakufikisha kwa uhakika kuliko kitu kingine chochote.

Ila nimezitazama zile mechi za Denver ya 2024 mara kwa mara nikijiuliza ni nani hasa aliyekuwa amesimama mlangoni, kwa sababu ndani ya siku tatu Denver ileile ilimzuia Celebrini na kisha ikaizuia ile safu ya Boston College. Mtu huyo alikuwa golikipa Matt Davis.

Davis hakuchaguliwa na timu yoyote ya NHL. Miaka yake miwili ya kwanza pale Denver alikuwa nyuma ya Magnus Chrona, akipewa mechi moja moja, akikaa benchi na kofia kichwani, akifungua mlango wa benchi wenzake wanapobadilishana zamu. Miaka miwili. Katika umri ule miaka miwili ni umilele. Chrona alipoondoka, Davis akaingia. Na katika mashindano ya taifa ya 2024 alicheza mechi nne: UMass 2-1, Cornell 2-1, Boston University 2-1, Boston College 2-0. Mabao matatu katika mechi nne, na mbili kati ya hizo zilikwenda muda wa nyongeza. Kwenye fainali alizuia mashuti 35. Hakuna mechi ya kujipima nguvu ya mwaka 2021 wala 2022 ambayo mtazamaji angetoka nayo akisema, yule golikipa wa akiba ndiye atakayetupa kombe la kumi.

Swali linaloninyima raha ni hili: golikipa wa namna ya Davis, akianza leo, angefikia siku yake?

Tazama jinsi mambo yalivyopangika sasa. Suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliifungulia NCAA, iliyoidhinishwa na jaji Juni 2025, imeviruhusu vyuo kugawana mapato na wanamichezo hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa masomo wa 2025–26. Pamoja na hilo, kwa vyuo vilivyojiunga nayo, idadi ya ufadhili wa masomo haina tena kikomo, lakini ukubwa wa kikosi unacho: hoki ya wanaume ni wachezaji 26. Awali chuo kilikuwa na fungu la ufadhili 18 na kingeweza kubeba vijana wa ziada waliojilipia ada, wanaokuja mazoezini kila asubuhi kwa matumaini tu. Fungu limekua na chumba kimepungua. Waliokuwa tayari kwenye timu waliwekewa kinga, lakini wanaokuja nyuma yao hawana. Kwa upande mwingine, mchezaji anaweza kuhama chuo kila mwaka akitaka, na sasa kocha anayehitaji golikipa anaweza kumchukua kijana wa miaka 20 kutoka CHL aliyekwisha kusimama langoni katika mechi zaidi ya 100. Kocha huyo atamlea wa akiba kwa miaka miwili ili iweje?

Hapa ndipo ninapoona mjadala mzima umeshika upande usiofaa. Watu wanazungumza kana kwamba sheria mpya ni habari ya akina McKenna, watoto wa ajabu wa miaka 17. Akina McKenna ni wachache sana. CHL ina timu takriban 60, na kila mwaka wanatoka vijana wa miaka 20 na 21 ambao umri wao wa ligi ya vijana umekwisha. Hao hawaendi NHL. Zamani walikwenda vyuo vikuu vya Kanada, ambako CHL iliwalipia ada kwa hesabu ya miaka waliyoichezea, na ndiyo maana timu za vyuo vya Kanada zilipovuka mpaka kuja kucheza mechi za kirafiki za Oktoba na vyuo vya Marekani, mara nyingi zilikuja na wanaume wazima na zikaondoka na ushindi ambao wenyeji hawakuutarajia. Sasa wanaume wale wale wanaweza kuvaa jezi ya chuo cha Marekani. Nafasi wanayoichukua si ya nyota. Ni ya safu ya tatu na ya nne, ya beki wa sita, ya golikipa wa akiba. Wanayemwondoa ni kijana aliyechelewa kukua, ambaye akiwa na miaka 18 alionekana mwembamba na wa kawaida, ambaye angehitaji misimu miwili ya kukaa kimya ndipo aive.

Mtu atasema: kama anayeingia ni bora kuliko anayetoka, tatizo liko wapi? Timu inakuwa bora. Hoja hiyo ina nguvu kwa Oktoba. Kwa Aprili sina hakika nayo, kwa sababu kikosi kinachobadilishwa nusu kila kiangazi hakina muda wa kujifunza mambo ambayo hayaonekani. Kumzuia mtu asifunge timu yako ikiwa na mchezaji mmoja pungufu ni kazi ya wanne waliozoeana kiasi kwamba mmoja akisogea hatua mbili kushoto, wengine watatu wanasogea bila kutazamana. Hiyo hainunuliwi kiangazi.

Na vyuo vidogo je? Mwaka 2013 Yale iliingia mashindano ya taifa ikiwa miongoni mwa timu za mwisho kabisa kupata nafasi. Ni chuo kisichotoa ufadhili wa michezo. Ndani ya msimu huo ilikuwa imefungwa na Quinnipiac mara tatu. Ikakutana nayo mara ya nne, kwenye fainali, ikashinda 4-0. Mwaka uliofuata Union, chuo cha wanafunzi wapatao 2,200 mjini Schenectady, nacho bila ufadhili wa michezo, kiliifunga Minnesota 7-4 kwenye fainali. Timu zile zilijengwa kwa watu waliokaa. Leo beki au mshambuliaji akitamba Union akiwa mwaka wa pili, simu zinaanza kuita Machi. Simlaumu akiondoka, ana familia, na fedha ni fedha. Lakini asiniambie mtu kwamba hakuna kilichopotea.

Wako watakaonikumbusha Western Michigan, na wana haki, maana ubingwa wa 2025 ni wao: chuo cha Kalamazoo ambacho hakikuwa kimewahi kufika hata nusu fainali. Kilimwondoa Denver 3-2 baada ya vipindi viwili vya nyongeza, kisha kikaifunga Boston University 6-2. Mabadiliko ya wachezaji kuhama vyuo na ya fedha yalikuwepo tayari, na bado timu isiyo ya majina makubwa ikatwaa. Nauona ushahidi huo na unanipa moyo. Ila ulipatikana msimu wa mwisho kabla mlango wa CHL haujafunguliwa, kwa hiyo hauwezi kutujibia swali la msimu huu.

Turudi kwa Kariya, maana yeye ndiye pekee aliyefanikiwa na habari yake inafundisha pande zote mbili. Maine ya 1993 ilishinda mechi 42, ikatoka sare mbili na kufungwa moja. Kariya, mwaka wa kwanza, alikuwa na pointi 100: mabao 25, pasi 75. Fainali mjini Milwaukee dhidi ya Lake Superior State, Maine wanaingia kipindi cha tatu wakiwa nyuma 4-2. Ndani ya muda usiofika dakika tano wakafunga matatu. Mfungaji wa yote matatu alikuwa nahodha Jim Montgomery, mwanafunzi wa mwaka wa nne. Aliyempa pasi katika yote matatu alikuwa Kariya.

Hiyo ndiyo picha ambayo ningependa kocha wa Penn State, Guy Gadowsky, aitundike ukutani. Mtoto wa ajabu alikuwepo, na bila yeye pasi zile zisingefika. Na mwisho wa pasi alisimama mtu aliyekaa chuoni miaka minne, aliyejua pa kusimama.

Basi Penn State wana akina Montgomery? Nadhani wanao, na hilo ndilo linalonipa matumaini na msimu wao kuliko jina lolote jipya. Watu wamesahau jinsi msimu uliopita ulivyokwenda. Waliingia mapumziko ya Desemba bila ushindi hata mmoja ndani ya Big Ten, ligi ya vyuo wanamocheza. Timu nyingi zingevunjika. Hawa walijikusanya, wakamaliza na ushindi 22, wakaingia mashindano ya taifa, wakaifunga Maine 5-1, kisha UConn 3-2 katika muda wa nyongeza kwa bao la Matt DiMarsico, kabla Boston University hawajawasimamisha 3-1 kule St. Louis. Mfungaji wao mkuu alikuwa Aiden Fink, pointi 53, kijana ambaye Nashville Predators walimchagua raundi ya saba, raundi ambayo mashabiki wengi huwa wamekwisha kuzima televisheni. Fink angeweza kuondoka. Amerudi. DiMarsico amerudi. Katika habari za kiangazi kizima, kurudi kwa Fink kulipewa mistari miwili chini ya picha ya McKenna, na mimi naamini ndiyo habari kubwa zaidi iliyotoka pale chuoni.

Pengo lao ni langoni. Arsenii Sergeev, aliyewabeba mpaka St. Louis, amesaini na Calgary Flames. Wanaotarajiwa kumrithi ni wapya pale Penn State, na mabeki watahitaji wiki kadhaa kujua kama huyu huwa anatoka kuchukua kisahani nyuma ya lango au anawaachia wao. Linganisha na Michigan State, wapinzani wao wa Big Ten: nao wamesajili nyota kutoka CHL, Porter Martone, aliyechaguliwa wa sita katika drafti na Philadelphia Flyers, lakini nyuma yake langoni yupo Trey Augustine, anayeanza mwaka wake wa tatu chini ya kocha yule yule. Nikilazimishwa kuchagua leo bingwa wa Big Ten, nachagua Michigan State, na namchagua kwa sababu ya Augustine. Penn State nawaona wakipata mabao mengi, wakipoteza mechi za kushangaza Oktoba na Novemba kwa 5-4 na 6-5, na kuwa wazuri zaidi kuanzia Januari. Tarehe 31 Januari 2026 wanawapokea Michigan State nje, katika uwanja wa Beaver, wenye viti zaidi ya 106,000 na uliojengwa kwa ajili ya mpira wa Kimarekani. Kufikia siku hiyo tutajua.

Kitu kimoja kuhusu namna ya kusoma mechi hizi za maandalizi, kwa wanaozitazama. Mabao ya safu ya kwanza yaacheni. Makocha wanabadilisha magolikipa kila kipindi na kuchanganya safu makusudi ili wajue nani anaelewana na nani. Kumfunga golikipa wa tatu hakusemi kitu. Tazameni timu inapopewa adhabu ya dakika mbili: nani anatumwa barafuni, na wangapi kati yao wanalala mbele ya shuti katika mechi isiyo na pointi. Tazameni golikipa akizuia shuti la kwanza, kisahani kinaangukia wapi. Tazameni benchi. Kuna vijana kwenye mechi hizo wanaocheza kwa ajili ya nafasi ya 26, wanajua kwamba wa 27 hana kabati la kuwekea viatu, na katika mechi ambayo kwa nyota ni mazoezi ya kupasha misuli, wao wanacheza fainali yao.

Penn State wanafungua msimu ugenini Tempe, dhidi ya Arizona State, tarehe 3 Oktoba 2025. Kamera zitamfuata McKenna tangu anapotoka kwenye basi, na atastahili. Mimi nasubiri kipindi cha tatu, dakika mbili za mwisho, Penn State wakiongoza kwa bao moja na wenyeji wamemtoa golikipa ili waongeze mshambuliaji wa sita. Nataka kuona Gadowsky anawaita watu gani watano.